Kufukuza Maji: Siri ya Kitindamlo cha Mkate kutoka Hyderabad

Katika harusi za Hyderabad, mji mkubwa wa kusini mwa India, biriani ikishaondolewa hakuna mgeni anayenyanyuka. Bado kuna sahani mbili za kungojwa, na wapo wanaoila biriani kwa kujibana ili wasikose nafasi. Ya kwanza ni qubani ka meetha, aprikoti kavu zilizorowekwa na kupikwa na sukari mpaka zikawa rojo. Ya pili ni double ka meetha: vipande vya boflo vilivyokaangwa kwa samli, vikazamishwa kwenye shira, vikapikwa na maziwa mazito yenye iliki na zafarani, mwisho vikanyunyiziwa lozi na korosho. Huletwa kwenye sinia, na kila kijiko hutoka kikiwa kizito na kinang'aa.

Ni mkate. Ule ule wa chai ya asubuhi, ule ambao siku ya tatu ukibaki kabatini mwenye nyumba huanza kuukunjia uso.

Kaskazini ya India, hasa Lucknow na Delhi, chakula hiki kina ndugu yake aitwaye shahi tukda. Huko vipande hukatwa kwa umbo la pembetatu, hupangwa kwenye sahani kila kimoja peke yake, kisha humiminiwa rabri, yaani maziwa yaliyochemshwa mpaka yakabaki kidogo na kuwa na nyama nyama za malai. Karachi wanacho, na Dhaka ya zamani huuzwa kwenye soko la futari la Chawkbazar mwezi wa Ramadhani. Nyumba za Wahindi wa Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi nazo hukipika Idi inapofika.

Maelezo ya kukipika yamejaa kila mahali, na mengi hayatofautiani: kaanga, chovya, mimina. Hata hivyo wengi wanaojaribu nyumbani huishia na mojawapo ya mambo mawili. Ama mkate umelegea na kuwa uji, ama umebaki mkavu katikati huku juu unachuruzika sukari. Sababu ni kwamba maelezo hayo hutaja hatua bila kutaja kazi yenyewe. Na kazi yenyewe ni moja, kuanzia sufuria ya kwanza hadi ya mwisho: kufukuza maji. Unayatoa kwenye mkate, kwenye maziwa na kwenye shira. Hata samli unayokaangia ni siagi iliyokwisha kutolewa maji. Ukilishika hilo, vipimo vinakuwa msaada tu.

Boflo lilivyoingia jikoni kwa watawala

Hyderabad ilitawaliwa na ukoo wa Asaf Jahi, wenye cheo cha Nizam, tangu 1724 hadi 1948, mwaka ambao jeshi la India liliingia na dola hiyo ikaunganishwa na India huru. Nizam wa saba na wa mwisho, Mir Osman Ali Khan, alishika kiti mwaka 1911. Mwaka 1937 jarida la Time la Marekani lilimweka kwenye jalada lake kama tajiri kuliko watu wote duniani. Mwanzilishi wa ukoo huo alikuwa amewatumikia wafalme wa Mughal wa Delhi, na alipojitenga alikuja na desturi zao za meza: samli kwa wingi, karanga za kila aina, viungo vya harufu, na mapishi ya moto mdogo chini ya mfuniko uliozibwa. Lucknow nayo ilikuwa na watawala wake, Manawabu wa Awadh. Nawabu Asaf-ud-Daula aliufanya mji huo kuwa makao makuu mwaka 1775, na Waingereza wakainyakua dola hiyo mwaka 1856. Kati ya miji hiyo miwili ndipo kitindamlo hiki kilipopata heshima yake.

Husimuliwa kwamba kilikuja na Babur, mfalme wa kwanza wa Mughal, aliyeitwaa Delhi mwaka 1526. Simulizi hiyo inakwaza mahali pamoja. Mkate wa kuumuka wenye umbo la boflo haukuwa chakula cha kawaida cha India ya kale. Watu walikula chapati, paratha na naan. Wareno walioiteka Goa mwaka 1510 ndio waliouzoesha mkate wao pwani ya magharibi, na Waingereza wakaueneza kupitia kambi za jeshi na miji ya reli. Pembeni kabisa mwa Hyderabad, kambi yao ya Secunderabad ilianzishwa mwaka 1806. Penye askari wa Kizungu palihitajika mwokaji, na penye mwokaji mkate husambaa mitaani.

Wazo la kuulewesha mkate kwa utamu, hata hivyo, ni la zamani zaidi. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin Hasan al-Baghdadi kina mapishi ya judhaba: mkate uliotiwa sukari na kuwekwa ndani ya tanuri chini ya nyama inayochomwa, ili mafuta yadondokee juu yake. Waswahili wa Muscat na Dubai wanamjua ndugu mwingine wa ukoo huu, Umm Ali wa Misri, anayepikwa kwa mkate au vipande vya keki kavu, maziwa na lozi. Kwa hiyo mpishi wa Nizam alipolichukua boflo la kigeni na kulitia samli, alikuwa anakipa chombo kipya wazo ambalo tayari lilikuwa limezunguka nusu ya dunia ya Kiislamu.

Msomaji wa pwani naye asiuone mji huu ni wa mbali sana. Majeshi ya Nizam yalikuwa na Waarabu wa Hadhramaut, na wajukuu zao wangali wakiishi katika mtaa wa Barkas. Hao ni ndugu wa Wahadhrami waliotweka matanga kuja Lamu, Mombasa na Unguja. Majeshi hayo yalikuwa na Waafrika pia, wapanda farasi ambao kikosi chao kimeuachia jina mtaa mwingine wa Hyderabad, A.C. Guards, na wazao wao wanaitwa Siddi. Si ajabu basi kwamba orodha ya manunuzi ya kitindamlo hiki haina kitu kitakachomsumbua mtu wa Makadara au Darajani: samli, iliki, zafarani, lozi, maji ya waridi.

Mkate: uwe wa jana, tena mnene

Tuanze kazi. Achana na mkate wa slesi uliokatwa kiwandani kama unaweza. Slesi zake ni nyembamba, laini mno, na mara nyingi zimetiwa sukari inayofanya mkate uungue upesi ukikaangwa. Nunua boflo zima jeupe, lilaze usiku mmoja au mbili, kisha likate mwenyewe vipande vya unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Ondoa ganda. Ganda hilo usilitupe; likikaushwa na kutwangwa linafaa kuvingirishia katlesi.

Kisha vipande vikaushwe. Vitandaze kwenye sinia na kuvifunika kwa kitambaa chepesi kwa saa kadhaa, au viweke kwenye oveni yenye moto wa nyuzi 110 kwa dakika 20 hivi, ukivigeuza mara moja. Unataka mkate ulioshikamana, mkavu juu na ndani, ambao bado haujageuka rangi.

Watu huruka hatua hii wakidhani ni ya watu wasio na kazi. Lakini fikiri kinachotokea ndani ya karai. Mkate unapoingia kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka. Yale mapovu unayoyaona ndiyo maji yanayokimbia. Nafasi yaliyoiacha huchukuliwa na mafuta. Kadiri mkate ulivyokuwa na maji mengi, ndivyo utakavyokaa muda mrefu karaini ukisubiri kukauka, na ndivyo utakavyokunywa samli nyingi. Shira nayo itakuja kukuta pamejaa. Mkate wa leo ni kama nyumba yenye wapangaji: lazima hao watoke kwanza ndipo wageni wako wapate pa kulala.

Samli, na kwa nini siagi haitoshi

Siagi ya kawaida ina maji yanayokaribia asilimia 16, pamoja na chembe za maziwa zinazoungua mapema na kuacha madoa meusi na uchungu. Samli ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yakaisha na chembe zikachujwa. Ndiyo maana huvumilia moto mkali bila kutoa moshi, na ndiyo maana ina harufu ile ya karanga ambayo mafuta ya kupikia hayawezi kuiigiza. Bei ikikubana, changanya samli nusu na mafuta nusu. Ukitumia mafuta matupu kitaiva, lakini atakayekila atahisi kuna kitu kimepungua.

Karai lisiwe na kina kirefu. Samli inayofika nusu ya unene wa kipande inatosha, mradi ugeuze. Tupia chembe ya mkate kwanza. Ikizama na kunyamaza, moto bado. Ikipanda na kuzungukwa na povu dogodogo, anza. Kaanga vipande vichache kwa wakati, moto wa wastani, mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyokolea kidogo kuliko unavyodhani inafaa. Mkate uliokaangwa nusu nusu huonekana mzuri sahanini lakini ukikutana na shira hulegea mara moja. Ule uliokolea huwa na gamba linaloushika umbo lake wakati ndani unalainika.

Anayeogopa mafuta ana njia nyingine: apake samli iliyoyeyuka pande zote mbili na kuoka kwa nyuzi 180 mpaka vipande vigonge vikiguswa. Ladha hupungua kidogo, lakini umbo hukaa vizuri zaidi.

Shira: siyo ya kaimati

Hapa ndipo uzoefu wetu wenyewe unapoweza kutuponza. Mpishi wa pwani anaijua shira ya kaimati, ile inayochemshwa mpaka ikawa nzito, ikimwagiwa kaimati na kutikiswa igande juu yake kama ngozi nyeupe. Ukiileta shira hiyo hapa, itaufunika mkate kwa nje na kukataa kuingia.

Shira ya mkate iwe nyepesi zaidi. Sukari na maji kwa kipimo sawa, yachemke kwa dakika sita au saba, kisha chukua tone, lipoe, ulibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Likinata tu, au likivuta uzi mmoja mfupi unaokatika upesi, epua. Kamulia matone machache ya ndimu. Asidi huivunja sehemu ya sukari na kuizuia isirudi kuwa chenga wakati inapopoa. Iliki iliyopondwa itiwe sufuria ikiwa bado jikoni, lakini maji ya waridi yangoje mpaka umeshaepua. Harufu ya waridi ni nyepesi, na ikichemshwa huishia darini.

Maziwa: kazi ya saa nzima

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha kitindamlo cha nyumbani na cha hoteli ya haraka. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa kiasi cha asilimia 87. Rabri ni kuyaondoa maji hayo polepole mpaka lita moja na nusu ibaki nusu lita.

Wahindi wengi hutumia maziwa ya nyati wa kufugwa, yenye mafuta kama asilimia saba, karibu mara mbili ya maziwa ya ng'ombe. Sisi hatuna nyati huyo. Tafuta basi maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa malai, na ukiweza ongeza vijiko vitatu vya maziwa ya unga yasiyo na sukari, uliyoyakoroga pembeni kwanza. Yale ya pakiti yaliyopunguzwa mafuta yatapungua kweli, lakini hayatapata mwili.

Tumia sufuria pana yenye kitako kizito. Upana ni muhimu kuliko ukubwa, kwa sababu maji hutoka juu ya uso. Uso ukiwa mpana, kazi inakwenda. Yakishachemka, punguza moto mpaka yawe yanatokota kwa utulivu. Baada ya dakika chache utando utajikusanya juu. Usiuvunje. Usukume kwa mwiko hadi ukutani mwa sufuria na uuache ushike hapo. Utajikusanya mwingine, usukume nao. Kila mara pitisha mwiko chini ili maziwa yasishike kitakoni, maana harufu ya kuungua haiondoki hata kwa iliki kilo nzima.

Baada ya saa moja, pengine na zaidi kidogo, maziwa yatakuwa yamebaki theluthi na rangi yake imegeuka kuwa ya pembe ya ndovu. Tia sukari sasa, si kabla, kwa kuwa sukari huongeza hatari ya kushika chini. Kisha kwangua zile tabaka za malai ulizozikusanya ukutani na uzirudishe ndani. Hizo ndizo nyama nyama za rabri. Mtu akiisaga kwenye mashine ili iwe laini, ameitupa saa yake nzima.

Wapo wanaofungua kopo la maziwa mazito yenye sukari na kumaliza kwa dakika kumi. Sitawalaumu wenye wageni mlangoni. Wajue tu kwamba kopo lina sukari nyingi, kwa hiyo shira ichovyewe kwa mkono mwepesi, na kwamba tabaka za malai hazitapatikana.

Zafarani kidogo, lakini ya kweli

Kila ua la zafarani hutoa nyuzi tatu tu, zinazochumwa kwa mkono, na India huzilima zaidi Kashmir. Ndiyo sababu ya bei yake, na ndiyo sababu ya wadanganyifu. Dondoshea nyuzi chache kwenye maji ya vuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya njano taratibu na uzi wenyewe hubaki mwekundu, ya bandia humwaga rangi yote papo hapo na kubaki mweupe. Itwange kwenye kinu kidogo pamoja na chembe za sukari, uiloweke kwenye vijiko viwili vya maziwa ya moto kwa robo saa, ndipo uimimine kwenye rabri. Kama huna, usiweke rangi ya chupa. Iliki peke yake inatosha, nasi tuna bahati ya kuwa na iliki nzuri ya milima ya Usambara.

Kukutanisha

Sasa unarudisha unyevu, lakini ule unaoutaka. Shira iwe ya moto wa kuvumilika na kidole. Chovya kipande, hesabu taratibu hadi tano, geuza, hesabu tena, toa. Kipange kwenye bakuli pana lisilo na kina, kimoja kimoja bila kupandana. Mimina rabri juu, nyunyiza lozi na pista zilizokatwa vipande vyembamba, acha kwa nusu saa. Hiyo ni shahi tukda. Miji ya kwao huiwekea na karatasi nyembamba ya fedha inayolika, ambayo ni ya macho tu.

Anayetaka njia ya Hyderabad aendelee mbele. Mkate wake ukolee zaidi karaini. Aupange kwenye sufuria pana, amwagie shira pamoja na nusu ya maziwa mazito, afunike, kisha auweke kwenye moto mdogo kabisa kwa dakika 20. Penye jiko la mkaa, palia makaa juu ya mfuniko kama unavyofanya kwa mkate wa kumimina. Penye oveni, nyuzi 150 zinatosha. Vipande vitaanza kuvunjika na kushikana, na vyote viwe kitu kimoja kinachokatika kwa kijiko. Maziwa yaliyobaki hutiwa juu wakati wa kuandaa.

Mahitaji (watu 8)

- Boflo jeupe la jana, vipande 8 vinene
- Samli, gramu 200
- Maziwa yenye malai, lita 1.5
- Sukari ya shira, gramu 250, na maji mililita 250
- Sukari ya rabri, vijiko vikubwa 3
- Iliki, punje 6 zilizomenywa na kupondwa
- Zafarani, nyuzi 20 hivi
- Maji ya waridi, kijiko kidogo 1
- Ndimu, matone machache
- Lozi na pista (au korosho), konzi 1

Mpangilio wa kazi: bandika maziwa kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayokula muda. Mkate ukaushwe maziwa yakiwa jikoni. Shira ipikwe maziwa yakikaribia, na kukaanga kuwe mwisho.

Kikikushinda, uliza maji

Mkate umekuwa uji? Haukukauka, au haukukolea karaini. Katikati mkavu? Shira ilikuwa nzito mno au imepoa. Rabri inachuruzika na kujitenga na mkate? Uliepua mapema. Makosa yote yana swali moja nyuma yake: maji yalibaki wapi, au yalitolewa kupita kiasi wapi? Mpishi anayejiuliza hivyo atakirekebisha kitindamlo hiki hata kwa boflo, maziwa na moto ambao aliyeandika maelezo hakuwahi kuuona.

Na kwa aliye na muda mfupi, ushauri wa kupunguza kazi ni huu. Karatasi ya fedha iache. Pista badili kwa korosho. Zafarani ikikosekana, songa mbele. Oka badala ya kukaanga ukipenda. Lakini ile saa moja ya kusimama mbele ya sufuria ya maziwa, na ule usiku mmoja wa kuulaza mkate, usivikate. Hivyo havigharimu fedha yoyote, na ndivyo vilivyolitoa boflo kwenye kabati la chai na kuliketisha mbele ya Nizam.